Mashua Haiendi Sawa: Tafuta Kasoro Kabla ya Kulilaumu Tanga

Mtu akiona mashua yake haibishi (haiwezi kwenda kuukabili upepo), usukani unamvunja mkono, au ngama, sakafu ya ndani ya mashua, inajaa kabla hajafika Shela, neno la kwanza litakalomtoka ni kwamba tanga limekwisha. Atanunua kitambaa, atamlipa mshonaji, atarudi baharini, na shida ataikuta pale pale. Tanga husingiziwa mengi. Mara nyingi mkosaji ni kamba iliyolegea, kabari iliyochomoka, mzigo uliowekwa pasipo pake au mbao zilizokauka, na vyote hivyo hutengenezeka kwa pesa kidogo kuliko bei ya tanga.

Maelezo haya yanahusu mashua ndogo ya Lamu: futi 20 hadi 30, mlingoti mmoja uliolalia mbele, foromali moja (mti unaobeba tanga) na tanga moja. Mwenye ngalawa kule Malindi atachukua yanayomfaa na kuacha habari za farumi, uzito wa kuituliza mashua, maana matengo yake, mbao zile za pembeni, yanamfanyia kazi hiyo.

Jaribu dawa moja kwa wakati. Ukikaza demani (kamba ya kuvutia tanga), ukahamisha magunia ya mchanga na kusogeza foromali kwa mpigo mmoja, hata mashua ikipona hutajua kilichoiponya, na wiki ijayo utaanza upya.

Haibishi, inakwenda mbavu

Anza na maji kabla ya upepo. Kutoka Amu (Lamu) mjini kwenda Shela wakati wa kusi ni bisho mwanzo mwisho, na maji yanapojaa, mkondo unaingia kutoka mlangoni na kukukabili uso kwa uso. Siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa ikifika mita 3 na kuzidi, mkondo huo unaweza kuirudisha nyuma mashua isiyo na kasoro yoyote. Nahodha asiyehesabu maji atashonesha tanga jipya kwa kosa la mwezi.

Kutenganisha mkondo na kasoro ya chombo si kazi kubwa. Tafuta alama mbili za nchi kavu zilizo katika mstari mmoja, tuseme mnazi ulio ufuoni na mnara wa msikiti nyuma yake, kisha geuka utazame povu linaloachwa na usukani. Alama zikiachana haraka huku povu limenyooka nyuma yako, chombo kinakwenda vizuri na maji ndiyo yanayokubeba. Povu likikatika kuelekea upande wa joshi, upepo unakotoka, kwa pembe ya kuonekana, basi mashua inateleza kweli demani, yaani upande upepo unakokwenda, na hapo ndipo pa kutafuta sababu.

Sababu ya kawaida kuliko zote ni kuitaka mashua ipande upepo isivyoweza. Chombo cha foromali si yoti. Nyuzi 55 hadi 65 kutoka upepo unakotoka ndio uwezo wake, na ukiilazimisha 45 itapungua mwendo, mkuku, uti wa chini wa mashua, utakosa maji ya kuushika, na utaanza kwenda kama kaa. Wengi hufikia hapo kwa kukaza demani hadi tanga linakuwa bapa. Ilegeze mpaka ukingo wa mbele wa tanga uanze kutikisika, kisha vuta taratibu mpaka mtikisiko uishe, na uishie hapo. Utaona omo, pua ya mashua, imeanguka kidogo kutoka kwenye upepo, na utaona pia kwamba unafika mapema kuliko aliyekaza.

Ikiwa mashua bado inateleza, angalia ilivyokaa majini. Mashua iliyojengwa kubeba boriti au samaki ikiwa tupu huelea juu mno na mkuku wake haupati kina. Itie farumi. Kama imekaa majini muda mrefu, piga mbizi upapase chini. Mwani na magamba yanayokwaruza kiganja huiba mwendo, na mwendo ukipotea bisho nalo limepotea. Zamani na hata leo dawa yake ni kuipandisha ufuoni, kuikwangua na kuipaka shahamu iliyochanganywa na chokaa.

Mwisho tazama kamba zinazoshika foromali. Henza, kamba ya kupandishia foromali, ikiwa ya nailoni huvutika upepo ukizidi, foromali inashuka, tanga linapata tumbo, na tumbo likirudi nyuma mashua inasukumwa ubavuni. Kitanzi kinachoibana foromali kwenye mlingoti nacho kikilegea, foromali hujitenga na mlingoti kuelekea demani. Pakipita ngumi mbili hapo katikati, kaza kabla ya kugusa kitu kingine.

Usukani mzito, mashua inataka joshi tu

Kidogo cha tabia hii ni kizuri. Ukiachia kana, mkono wa usukani, kwa nukta mbili tatu na mashua ikapanda polepole kuelekea upepo, hiyo ni salama: ukianguka au mkono ukiteleza, chombo kitasimama chenyewe. Ubaya ni pale unapoivuta kana hadi kifuani na bado omo inapanda. Usukani uliopinda namna hiyo unaburuta maji kama breki.

Kijana mmoja alipeleka mashua yake Matondoni, kijiji cha mafundi wa mashua, akiwa ameshakata shauri la kupunguza tanga kwa nyuma. "Fundi, inanitoa bega. Tanga limekuwa kubwa." Fundi hakulitazama tanga. Aliingia ndani, akachuchumaa mlingoti unapopita kwenye boriti ya kukingama, akaushika kwa mikono miwili na kuutikisa. Mlingoti ukacheza. Akapapasa kwenye maji ya ngama, akatoa kipande cha mti kilicholainika, upande mmoja kimekatika. "Mwanangu, hii ndiyo iliyokutoa bega." Ilikuwa kabari ya nyuma. Ilipotoka, mlingoti ulisimama wima badala ya kulalia mbele, tanga zima likarudi nyuma pamoja nao, na nguvu ya upepo ikawa inaisukuma tezi, yaani nyuma ya mashua, omo ikizunguka kuelekea joshi. Fundi alichonga kabari mpya ya mti mgumu, akaigonga, na hakuna uzi uliokatwa kwenye tanga.

Kwa hiyo kagua kabari kwanza, za kwenye boriti na za chini kwenye mwashiri, mti unaopokea mguu wa mlingoti. Ziwe za mti mgumu, zigongwe zikiwa kavu ili zikinywa maji zibane zaidi. Kabari ya mbao laini ya sanduku itakaa kwa muda kidogo, kisha itasagika.

Kabari zikiwa imara, endelea hivi. Tazama pembe ya kulala: mashua iliyolala sana huzungukia upepo yenyewe, hata kila kitu kikiwa sawa, na dawa yake ni kulegeza demani au kuwaleta watu upande wa joshi. Tazama mzigo: omo ikiwa nzito inazama na kushika maji mbele, nyuma inakuwa nyepesi kuzungushwa, usukani unalemewa. Rudisha gunia moja nyuma uone. Kisha sogeza foromali: ishushe ncha ya chini mbele zaidi, na kama una dasturi (mti uliotokeza mbele ya omo), vuta goshi, kona ya mbele ya tanga, hadi kwenye ncha yake. Kila kiasi tanga linachokwenda mbele, kana inapungua uzito.

Kinyume chake ni mashua inayokimbia upepo, ile ambayo ukiachia kana inageuza omo kwenda demani. Hiyo usiizoee. Inaweza kukupeleka hadi upepo ukaja nyuma na tanga likavuka kwa kishindo bila kutarajiwa. Sababu zake ni zile zile zikigeuzwa: mlingoti umelala mbele kupita kiasi, foromali imesogezwa mbele mno, au tezi ni nzito. Siku hizi uzito wa tezi una jina moja: injini. Ukiweka injini nyuma, galoni mbili za mafuta kando yake na abiria wawili wanaotaka kukaa karibu na nahodha, omo inainuka na kila upepo unaipiga kofi. Hamisha mafuta katikati. Na ukiwa unatumia tanga, inua panga la injini litoke majini.

Ikiwa usukani si mzito bali unagonga na kutetemeka, kagua vyuma na pete zinazouning'iniza. Tundu likishakuwa la mviringo mrefu, badilisha, usijaze kwa kamba.

Kusoma mikunjo ya tanga

Sasa ndiyo zamu ya tanga, na hapa pia usikimbilie mkasi. Tanga linaeleza kasoro yake kwa mikunjo, na mkunjo hukuonyesha kamba ya kugusa.

Mikunjo mifupi inayotoka kwenye kila fundo la foromali inasema kwamba mafundo hayakukazwa sawa, mengine yanabeba mzigo wa wenzao. Shusha, fungua yote, tandika tanga mchangani, livute lishike foromali kwa mkazo mmoja, ufunge upya. Kazi hii ifanywe na mtu mmoja mwanzo hadi mwisho, kwa sababu mikono miwili tofauti haikazi sawa.

Mkunjo mrefu unaokwenda sambamba na foromali mara nyingi ni foromali yenyewe kupinda kuliko alivyokusudia aliyekata tanga. Foromali za miti miwili iliyounganishwa hufanya hivyo pale kamba za maungio zinapolegea. Zimwagie maji ukizikaza, na ukague kama mti wa juu una ufa. Mti mmoja wa mvinje ulionyooka unapendeza kwa mashua ndogo, lakini ukikatwa mbichi na kupandishwa juani papo hapo utajipinda, na hakuna fundo litakaloweza kuunyoosha.

Ukingo wa nyuma ukipigapiga kama bendera, dasi ya hapo, kamba iliyoshonwa ukingoni, imevutika au nguo imechoka. Ukingo ukijikunja ndani kama ukucha, dasi imebana, hasa ikiwa ni ya pamba na imelowa. Fungua mwisho wa dasi kidogo, ilegee, ushone tena. Ukiona nguo yenyewe imekuwa laini na ukibonyeza kwa kidole inatoboka kandokando ya mshono, basi, hilo tanga limekwisha. Jua la Lamu humaliza nailoni kabla ya upepo. Ukimaliza safari likunje ulifunike.

Foromali haipandi, au mbaya zaidi, haishuki

Foromali isiyopanda inakukera. Ile isiyoshuka inaweza kukuua. Kwa hiyo kabla ya kung'oa nanga, ipandishe mpaka juu na uishushe mara moja ukiwa bado umefungwa. Ukiona inasita, usiondoke.

Inaposita, tazama juu. Henza inapita kileleni mwa mlingoti, na gurudumu la mti lililo pale likinywa maji huvimba na kugoma kuzunguka. Kamba inaanza kusugua badala ya kubingirika. Au kamba mpya ni nene kuliko tundu, jambo linalotokea sana mtu anaponunua iliyopo dukani badala ya inayohitajika. Shuka kwenye gofia, kapi la henza: jarari, kamba ya kuivutia henza, ikijisokota pale, mizunguko yake inabana kama kamba tatu zilizosukwa. Ifungue mwisho, iache ining'inie ijisokotoe, uipitishe tena. Kile kitanzi cha kubana foromali kwenye mlingoti kipake mafuta mazito. Kikikauka na chumvi hung'ang'ania mti.

Ukikutwa baharini foromali imegoma, usiivute chini kwa nguvu huku tanga limejaa upepo. Legeza demani kabisa, geuza omo kwenye upepo ili foromali isikandamizwe kwenye mlingoti, kisha jaribu. Mara nyingi inateremka yenyewe. Anayeachia jarari azungushe mkono wa kamba kwenye kigingi kwanza. Kamba inayokimbia kiganjani huondoka na ngozi.

Kukisi kunakwama

Kwa asiyezoea, kuhamisha tanga kutoka upande mmoja wa mlingoti hadi mwingine ndipo mambo yote huharibikia. Mpangilio wenyewe ni huu: omo inaachwa ianguke hadi upepo uwe nyuma, demani inalegezwa, goshi inafunguliwa na ncha ya chini ya foromali inavutwa kwenye mlingoti hadi foromali isimame karibu wima, mtu mmoja anaikimbiza demani kupitia mbele ya mlingoti kwenda upande wa pili, ncha inavushwa, goshi inafungwa, demani inavutwa. Katikati ya yote hayo, kamba za kushikilia mlingoti zinahamishwa kwenda upande utakaokuwa joshi.

Tanga likijizungusha kwenye mlingoti, omo ilirudishwa kwenye upepo kabla demani haijavuka. Rudi upepo uwe nyuma, lijifungue lenyewe. Ncha ikikwama, foromali haikusimama vya kutosha. Kosa lisilo na msamaha ni kuvuta demani mpya kabla ya kufunga kamba za mlingoti upande wa joshi mpya, maana hapo mlingoti unabaki umeshikwa na kabari peke yake.

Katika kusi ya mwezi wa Juni hadi Agosti, upepo wa mchana unapochafuka, shusha foromali, vusha kila kitu tanga likiwa chini, kisha pandisha. Hutapata sifa kwa walioketi gatini, lakini mlingoti utabaki. Na matanga ya foromali hayapunguzwi kwa kukunja sehemu kama ya yoti. Mwenye busara huwa na tanga dogo la pili kwa miezi hiyo.

Inalala sana

Kama mashua inalala kwa upepo ambao wenzako wanausafiria wima, angalia farumi. Mchanga wa magunia ndio uliozoeleka kwa kuwa unahamishika kila ukikisi. Gunia lisijazwe likawa la kuinuliwa na watu wawili. Nusu gunia mtu mmoja analitupa upande wa pili kabla demani haijakazwa. Magunia yashonwe midomo. Mchanga ukimwagika kwenye ngama unaziba njia za maji kati ya mataruma, mbavu za mashua, na maji yasiyofika kwenye banduru, shimo la kufua (kutoa) maji, hayafuliki.

Ule ubao wa kukalia nje upande wa joshi, unaoonekana kwenye mashindano ya Shela siku ya mwaka mpya, unafanya kazi kubwa, lakini ni wa watu wanaosikilizana. Upepo ukikatika ghafla, aliye nchani anatumbukia na mashua inamfuata kulala upande wake. Kwenye safari za kawaida mimi napendelea gunia la ziada.

Inavuja

Mbao zote huvuja. Swali ni lini, wapi na kiasi gani, na majibu ya hayo matatu yanakufikisha kwenye tundu bila kubomoa kitu.

Mashua iliyokaa ufuoni wakati wa kaskazi, jua la Januari likiipiga ubavu, mbao zake husinyaa hadi unaona mwanga kati yake. Ukiishua itaingiza maji kwa fujo. Usikimbilie pamba na nyundo! Iache mahali maji yanapoifikia, ifue kila yanapopwa, uipe siku mbili tatu inywe. Nyingi hujifunga zenyewe. Anayejaza pamba kwenye nyufa kavu hadi zisukumane, mbao zikivimba hazina pa kwenda. Zinang'oa misumari na kusukuma mataruma. Hapo umetoka kwenye uvujaji wa wiki moja ukaingia kwenye matengenezo ya mwezi.

Ikiwa inavuja baada ya hapo, tofautisha. Inayovuja ikiwa imetulia tu bandarini ina tundu chini ya maji. Inayovuja ikisafiri upande mmoja wa bisho pekee ina mshono ulio wazi juu ya mstari wa maji, upande ule unaozama inapolala. Kalafati (kuziba mshono kwa pamba) ya juu hapo inatosha. Inayovuja ikisafiri pande zote, na ikitulia inaacha, inasukumwa na mlingoti: tanga linavuta, mlingoti unakandamiza mwashiri, mkuku unapinda kiasi kisichoonekana, na mshono wa ubao wa kwanza kando ya mkuku unafunguka na kujifunga. Kalafati haitamaliza hilo. Mwashiri ukaguliwe kama umefungwa vizuri na kama unagawa uzito kwenye mataruma kadhaa.

Kupata tundu lenyewe, njia ya ufuoni haina mpinzani. Iache mashua ipwelewe kwenye mchanga mgumu, ifue na kuipangusa ndani na nje, kisha mwaga ndoo chache za maji ndani na uzunguke nje ukichungulia kwa chini. Pale matone yanapotokea, weka alama ya chokaa. Maji yanayotoka njia hiyo ndiyo yanayoingia njia hiyo.

Sasa soma alama. Matone kwenye mstari wa mshono ni pamba iliyooza: ing'oe yote ya sehemu hiyo, usiigandike mpya juu ya kuukuu, safisha, sokota pamba mpya yenye mafuta, igonge kwa patasi butu hadi mlio wa nyundo ubadilike kutoka ule mzito na kuwa mkavu. Matone kwenye kichwa cha msumari chenye doa jeusi kukizunguka ni kutu. Msumari umekonda ndani ya mbao na unacheza. Usiugonge zaidi. Utoe, ziba tundu kwa kigingi cha mti, piga msumari mpya wa chuma cha mabati pembeni yake. Matone yanayotoka katikati ya ubao mzima, pasipo mshono wala msumari, ni kazi ya minyoo wanaotoboa mbao. Kwa nje tundu ni kama la sindano, kwa ndani ubao umekuwa mapango. Gonga kwa mpini wa kisu: sauti ikiwa tupu, ubao huo ubadilishwe. Kinga yake ni ile ile ya wazee, kuipandisha, kuipitishia moto wa makuti makavu chini kwa haraka bila kuunguza, kisha shahamu na chokaa, na kurudia bila kungoja mwaka upite.

Jambo moja watu hulipuuza. Onja maji ya ngama. Yakiwa baridi ya mvua, si chumvi, mashua haivuji, bali inanyeshewa na hakuna anayeifua. Maji ya mvua yakilala juu ya mbao huziozesha, wakati ya chumvi huzihifadhi kwa kiasi. Ndiyo maana utawaona wenye vyombo wakimwagia ndani maji ya bahari baada ya mvua za masika.

Na saruji kwenye ngama, hapana. Inazuia uvujaji kwa msimu mmoja huku ikifungia unyevu kwenye mataruma na kuficha misumari. Fundi atakayekuja kuibomoa atakutoza kwa kila nyundo.

Imekwama, na maji yanapwa

Njia za Lamu zimejaa mafungu ya mchanga, na Mkanda, mlango ulio kati ya Manda na bara, hupitika vizuri maji yakiwa mengi tu. Ukisikia mkuku unaguswa, shusha tanga papo hapo kabla upepo haujakupandisha zaidi. Wapeleke watu wote upande mmoja mashua ilale na mkuku uinuke, sukuma kwa pondo kurudi ulikotoka. Una dakika chache tu. Zikipita, acha kupambana, tumia maji yaliyobaki kupeleka nanga upande wa kina, na ilaze mashua ielemee upande wa juu wa fungu, si wa kina. Ikielemea kina, maji yakirudi yanaingia ndani kabla hayajaiinua. Egemeza kwa boriti ukiwa nazo.

Hesabu yake: ukikwama saa 2 baada ya maji kujaa, utaelea saa 2 hivi kabla ya kujaa tena, yaani ungoje saa 8 na zaidi. Ila ukikwama maji yakiwa kileleni siku ya bamvua kubwa, kujaa kwa kesho na keshokutwa kutakuwa kudogo zaidi, na unaweza kungoja siku 14 hadi bamvua ijayo. Hapo mwaga farumi yote, shusha mlingoti na injini, chimba mchanga kandokando ya mkuku kuelekea kina, na umtume mtu akalete mashua nyingine ya kukuvuta kwenye kujaa kwa usiku huo huo.